Somo la Kutulia Halifundishwi Mstarini

Kuna watoto wanaoumwa tumbo kila siku ya mtihani wa wiki. Mwalimu wa darasa anawajua kwa majina. Asubuhi wanaomba ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara, saa nne hawagusi uji, na karatasi zikishakusanywa unawakuta uwanjani wanacheza rede, wazima kabisa. Nyumbani wameshapelekwa zahanati, wamepimwa malaria, wamepewa dawa ya minyoo. Bibi ameshauri waangaliwe vizuri, huenda ni kijicho cha watu. Ofisini walimu wanasema ni uvivu tu. Kati ya wote hao ni nadra kumpata aliyekaa na mtoto akamuuliza anaogopa nini.

Maumivu yale ni ya kweli. Mwili unapohisi hatari hutoa homoni zinazouandaa kukimbia au kupigana: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, damu inapelekwa zaidi kwenye miguu na mikono, na shughuli za tumbo zinavurugika. Mwili hauulizi kama hatari yenyewe ni nyoka au ni fimbo ya hesabu zilizokosewa. Mtoto wa miaka tisa hana maneno ya kueleza hayo, kwa hiyo anasema analoweza kulisema: tumbo linauma. Mwingine anaanza tena kukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha. Mwingine anasinzia darasani kwa sababu usiku halali. Kwa vijana wa kiume huzuni mara nyingi hutoka kama hasira, na yule anayeitwa mkorofi wa kidato cha pili anaweza kuwa ndiye mwenye uchungu kuliko wote shuleni.

Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2022. Asilimia 44.3 ya vijana hao walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili ndani ya miezi kumi na miwili iliyotangulia. Waliofikia vigezo vya kitabibu vya kuitwa wagonjwa walikuwa asilimia 12.2. Nimezitazama sana namba hizo mbili, na kinachonishughulisha ni nafasi iliyo katikati yake. Humo wamo vijana wengi mno ambao hawahitaji kitanda cha hospitali wala vidonge. Wana hofu, wana majonzi, wana mawazo yanayozunguka usiku kucha, na hakuna aliyewafundisha la kufanya nayo. Hao wanaweza kufundishwa, na mahali wanapopatikana kila siku ni shuleni.

Wazo la kuwafundisha si geni. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitaja stadi kumi za maisha zinazofaa kufundishwa shuleni, zikiwamo kujitambua, kutatua matatizo, kumwelewa mwenzako, kukabili hisia na kukabili msongo wa mawazo. Nchi zetu zilizipokea kwa mikono miwili. Kenya ilifika mbali zaidi ikazipa kipindi chake kwenye ratiba, mwishoni mwa muongo wa 2000. Lakini halikuwa somo la mtihani, na anayejua shule zetu anajua kilichofuata: kipindi kilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na katika shule nyingi dakika zake zikaliwa na hisabati. Walimu hawakufanya hivyo kwa ubaya. Mwalimu hupimwa kwa ufaulu, na hakuna aliyewahi kuitwa kwa mkurugenzi kujieleza kwa sababu watoto wake hawajui kutuliza hofu.

Siku hizi tumepata mtindo mwingine, nao unanisumbua zaidi. Mgeni anakuja na gari, wanafunzi mia nane wanapangwa mstarini juani, anazungumza juu ya afya ya akili kwa dakika arobaini, wanampigia makofi, picha zinapigwa, anaondoka. Watoto wameambiwa wasiwe na msongo wa mawazo. Namna ya kufanya hivyo hawakuambiwa, na kama wangeambiwa, kusikia mara moja kusingetosha. Kutulia ni ujuzi wa mwili na akili kwa pamoja, kama kuogelea: unaingia majini na mtu unayemwamini, mahali pasipo na kina, tena na tena.

Nieleze kwa mfano. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la nne, shule ya msingi ya serikali, watoto zaidi ya tisini, wanne wanne kwenye dawati. Mwalimu alichora ubaoni umbo la mtu, kichwa, mikono, tumbo, miguu, akauliza: ukikasirika, hasira unaisikia wapi? Mikono ikanyooka. Kichwani. Kwenye ngumi. Kifuani. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasema machoni, yanauma ila machozi hayatoki. Mwalimu hakusahihisha jibu lolote. Kila lililosemwa aliliwekea alama kwenye mchoro. Halafu akauliza kuhusu hofu, na alama zikahamia: tumboni, kooni, magotini. Ndani ya robo saa watoto tisini walikuwa wamekubaliana kwamba hofu ina makao mwilini na kwamba mwenzangu naye anayo. Hilo la pili ndilo kubwa. Mtoto mwenye wasiwasi huamini ni yeye peke yake.

Kisha wakaweka mkono tumboni. Mwalimu akawaambia wavute pumzi kwa pua mpaka mkono usogee, halafu waitoe polepole kwa mdomo kama wanapuliza uji wa moto usiwaunguze. Walicheka, kama ilivyotarajiwa. Akawaacha wacheke, wakarudia mara tano. Kuna sababu ya kusisitiza ile pumzi ya kutoka. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta hewa na hupungua tunapoitoa, kwa kazi ya neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia kifuani hadi tumboni. Anayerefusha pumzi ya kutoka anaupelekea moyo wake taarifa kwamba hatari imepita. Mtoto hahitaji kulijua jina la neva hiyo. Anahitaji kuwa amelifanya zoezi mara nyingi akiwa ametulia, ili siku ya hofu mwili ulikumbuke wenyewe. Wanaoanza kulifundisha wakati mtoto tayari analia huwa wamechelewa, na wanaolitumia kama adhabu, wewe nenda kule nje ukapumue, wameliharibu kabisa.

Wiki iliyofuata, katika somo la hisabati, mvulana mmoja alisimamishwa kujibu. Akakwama. Niliona mabega yakipanda, macho yakashuka chini. Akaweka mkono tumboni, akapuliza mara moja, mara mbili, mara tatu. Darasa zima lilikuwa kimya. Jibu alilotoa halikuwa sahihi, lakini alilitoa, na mwalimu akamwuliza amefikaje hapo, wakaanza kulitengeneza pamoja ubaoni.

Tukio hilo nimelieleza kwenye semina za walimu, na kila mara nawaomba wamtazame mwalimu kabla ya kumtazama mtoto. Pumzi zile zilimfaa mvulana yule kwa sababu kulikuwa na mtu mzima aliyemsubiri. Muda aliopewa ni wa sekunde kumi hivi. Angekuwa mbele ya mwalimu mwenye fimbo mkononi, zoezi lilelile lingekuwa kichekesho, na mtoto angejifunza kwamba mambo ya kupumua ni maneno ya wageni.

Stadi ya pili inafaa zaidi kwa wa madarasa ya juu na sekondari, nayo ni kuuchambua mzigo. Mwanafunzi anapolemewa, matatizo yote huja kama fungu moja. Mwambie achukue ukurasa wa daftari augawe sehemu tatu: ninaloweza kulifanya mwenyewe wiki hii, linalohitaji mtu wa kunisaidia, na nisiloweza kulibadilisha. Binti wa kidato cha kwanza anayechelewa kila siku kwa sababu anachota maji kwanza anaweza kugundua kwamba jambo moja liko ndani ya uwezo wake, kujaza ndoo jioni. Jingine linahitaji mtu mzima, yaani mwalimu wa darasa ajue sababu asimwadhibu getini. Na la tatu, baba kuwa mbali na nyumbani, haliko mikononi mwake na hastahili kujilaumu nalo. Karatasi haijaondoa umaskini. Imeondoa lile giza la kudhani kwamba kila kitu ni kosa lake.

Hapa pana hatari ambayo lazima niiseme waziwazi. Malezi yetu yanathamini uvumilivu, na uvumilivu una heshima yake. Lakini mtoto anayeguswa vibaya na mjomba, au anayepigwa hadi kuchanika ngozi, hafundishwi kuvumilia wala kupumua. Huyo anafundishwa kusema, na sisi tunafundishwa kusikia na kuchukua hatua siku hiyohiyo. Programu yoyote ya kuhimili isiyokuwa na sehemu hiyo inamsaidia anayemuumiza mtoto.

Je, kuna ushahidi kwamba mafunzo ya namna hii yanasaidia? Upo, na unatoka karibu. Taasisi ya Shamiri ya Kenya, iliyoasisiwa na Mkenya Tom Osborn pamoja na wenzake, iliwachukua vijana waliotoka kumaliza sekondari, ikawapa mafunzo mafupi, ikawakabidhi makundi madogo ya wanafunzi wenye dalili za sonona au wasiwasi. Vikao vilikuwa vinne tu, saa moja kila wiki. Ugonjwa haukuwa mada. Wanafunzi walisoma visa vya watu waliobadilika kwa jitihada na muda, wakaandika mambo wanayoyashukuru, wakaandika wanayoyathamini maishani na namna ya kuyaishi. Ili kujua kama kilichosaidia ni mafunzo yenyewe au ni kule kukutana tu, wanafunzi wengine walipewa vikao vya mbinu za kujisomea. Matokeo ya wanafunzi 413 yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry: dalili zilipungua kwa wote, lakini kwa waliopata mafunzo ya Shamiri zilipungua zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye.

Mimi ninachokiona katika kazi hiyo ni udogo wake. Kundi ni dogo, muda ni mfupi, kiongozi ni mtu ambaye mwaka juzi naye alikuwa amevaa sare, na hakuna mwanafunzi aliyebandikwa jina la mgonjwa.

Sasa linganisha na Uingereza. Huko walijaribu mafunzo ya umakini na utulivu kwa darasa zima, walimu wakaandaliwa, na watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 13 katika shule 84 wakahusishwa. Mradi uliitwa MYRIAD na matokeo yake yalitoka mwaka 2022. Waliofundishwa hawakuwa na nafuu kuliko wenzao walioendelea na masomo ya kawaida ya hisia na mahusiano. Wengi hawakuyafanya mazoezi nyumbani, baadhi waliyaona yanachosha, na kulikuwa na dalili kwamba watoto waliokuwa tayari na matatizo hawakufaidika, pengine waliumia kidogo. Nchi yenye fedha na wataalamu kuliko sisi ilipata jibu hilo, ikalichapisha bila kulificha, na tungekuwa wajinga kutolisoma. Mtoto anayeelekezwa kila mara autazame moyo wake bila kupewa la kufanya nao anaweza kuishia kuogopa kila huzuni. Kufiwa na bibi na kulia wiki mbili si ugonjwa. Kukosa usingizi usiku wa kuamkia mtihani wa taifa si ugonjwa. Mtaala mzuri humwambia mtoto hilo mapema.

Jaribio la tatu ndilo linalonirudisha kwenye mvulana wa darasa la nne. Katika jimbo la Bihar, India, mpango ulioitwa SEHER ulipelekwa kwenye shule za sekondari 74 za wilaya moja. Shule zingine zilipewa mshauri wa kawaida, mtu wa jamii ileile asiye mwanasaikolojia, ambaye kazi yake shuleni ilikuwa hiyo tu. Katika zingine shughuli zilezile zilikabidhiwa kwa mwalimu juu ya kazi zake. Kundi la tatu halikupata mpango huo. Mwishoni mwa mwaka wa masomo, kama ilivyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018, shule zenye mshauri zilikuwa zimebadilika: sonona ilipungua, uonevu ulipungua, wanafunzi waliiona shule yao kuwa mahali pazuri zaidi. Katika shule ambazo kazi ilifanywa na mwalimu hakikubadilika kitu.

Kitabu kilekile, shughuli zilezile. Kilichotofautiana ni nani aliyezifanya, na muda na mamlaka aliyokuwa nayo. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza kabla ya kuchapa mwongozo wowote: mtoto anamwona nani anaposikia maneno haya?

Katika shule nyingi za Tanzania nilizopita, mwalimu wa unasihi ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anachapa waliochelewa, mchana anawaambia mlango wangu uko wazi. Sheria yetu bado inaruhusu kiboko: kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu, na marekebisho ya mwaka 2002 yakapunguza idadi hadi viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kila aliyesoma shule zetu anajua umbali kati ya kanuni hizo na kinachofanyika. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulikuta zaidi ya nusu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, wakisema walipigwa ngumi, mateke au viboko na mwalimu kabla ya kufika miaka 18. Kenya imekwisha kupiga marufuku adhabu hiyo kwa sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013, ingawa fimbo bado zinaonekana.

Najua wasomaji wengine watasema mimi nilichapwa na leo ni mtu mzima wa heshima. Sina sababu ya kubishana na maisha ya mtu. Nasema tu kwamba mwili wa mtoto hauwezi kukaa katika tahadhari na kujifunza utulivu kwa wakati mmoja, mbele ya mtu yuleyule. Na fimbo inaweza kupungua bila shule kuvurugika. Nchini Uganda, shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango wa kusaidia shule kujibadilisha zenyewe, kuanzia uongozi, walimu, hadi wanafunzi, ukajaribiwa katika shule za msingi 42 wilayani Luwero kwa miezi kumi na minane. Mwishoni, katika shule zilizokuwa bado hazijapata mpango huo, asilimia 49 ya wanafunzi walisema wametendewa ukatili wa mwili na mtumishi wa shule ndani ya wiki moja iliyopita. Katika shule zilizoupata, ni asilimia 31. Asilimia 31 bado ni nyingi na inaumiza, lakini tofauti hiyo ni vipigo vingi ambavyo havikutokea. Hapa kwetu watafiti wa Tanzania na Ujerumani walijaribu mafunzo ya siku chache kwa walimu wa sekondari za serikali, wakifanya mazoezi ya njia nyingine za kushughulikia utovu wa nidhamu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha walimu walipunguza vipigo.

Mwalimu naye ni mtu. Ana watoto tisini, ana mkopo benki, anaishi mbali na mwenzi wake kwa sababu uhamisho haujatoka, na hakuna anayemuuliza amelalaje. Kuna utafiti uliofanywa kwa walimu wa sekondari mkoani Arusha, waliofundishwa kuhusu afya ya akili ili wakawafundishe wanafunzi. Uelewa wao uliongezeka na unyanyapaa ukapungua. Lakini matokeo ninayoyapenda zaidi ni kwamba waliongezeka waliosema wako tayari kutafuta msaada kwa ajili yao wenyewe. Ningependa kila mafunzo yaanzie hapo. Mwalimu aliyewahi kuweka mkono kwenye tumbo lake mwenyewe anapofundisha zoezi la pumzi, watoto huona.

Siri ni jambo jingine linaloua kazi hii kimyakimya. Mtoto anamweleza mwalimu mmoja kwamba baba anampiga mama. Kesho yake ofisi nzima inajua, na keshokutwa mwalimu mwingine anamtania darasani. Huyo hatasema tena, na wenzake waliosikia hawatasema pia. Mnasihi anapaswa kumwambia mtoto tangu mwanzo: utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa kama wewe au mtu mwingine yuko hatarini, na ikiwa hivyo nitakuambia kwanza nani nitamweleza. Maneno hayo huchukua nusu dakika. Nimesikitika mara nyingi kukuta hayasemwi.

Wapo watoto ambao stadi hizi hazitawatosha. Aliyejitenga kwa wiki kadhaa, asiyekula, asiyelala, anayejikatakata, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayesema angependa kufa, anahitaji zaidi ya darasa. Kuhusu hilo la mwisho, walimu huogopa kuuliza wakidhani watampa mtoto wazo. Tafiti hazioneshi hivyo. Kumuuliza kwa upole na bila kuzunguka, je, umewahi kufikiria kujiua, humpa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, usimhubirie, mwite mzazi au mlezi anayemwamini na mfike hospitali ya wilaya au ya mkoa siku hiyo. Afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya anapaswa kuwa mtu anayejulikana shuleni kabla ya siku ya dharura. Namba 116, inayopigwa bure, hupokea simu za watoto Tanzania na Kenya pia. Sheria ya Tanzania bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, jambo linalozifanya familia zifiche. Mahakama Kuu ya Kenya ilikiondoa kifungu kama hicho Januari 2025, nami naomba nasi tufike huko.

Kuhusu muda, nimeacha kupigania kipindi kipya kwenye ratiba, maana najua kitakakokwenda. Dakika kumi baada ya mchakamchaka, watoto wakiwa tayari wamechangamka, zinatosha kwa zoezi moja la pumzi au swali moja la hisia, mara tatu kwa wiki, muhula mzima. Kwa makundi madogo ya wanaohitaji zaidi, tunao vijana: wahitimu wa kidato cha sita wanaosubiri chuo, wanafunzi wa ustawi wa jamii na saikolojia wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo. Wafundishwe vizuri, wasimamiwe, wapewe makundi ya wanafunzi kumi kumi. Mnasihi wa shule aondolewe kazi ya nidhamu kwa barua, ili watoto waelezwe rasmi kwamba huyu hashiki fimbo.

Mkuu wa shule anayetaka kuanza Januari anaweza kuanza na vipande vya karatasi. Kila mwanafunzi aandike, bila jina lake, mtu mzima mmoja hapa shuleni ambaye anaweza kumweleza jambo gumu. Kwenye fungu litakalorudi, majina machache hujitokeza mara nyingi, na mara nyingine mojawapo ni la mpishi au la mlinzi wa getini. Hao ndio wa kupelekwa mafunzoni kwanza, wawe walimu au wasiwe. Karatasi zilizorudi tupu zihesabiwe, idadi iandikwe, na zoezi lirudiwe muhula ukiisha, kabla ya kikao cha wazazi, ili wazazi nao wasomewe idadi zote mbili.